Chemba za Valvu za Maji: Sababu ya Kufungwa Kwake na Mahali Ufunguo Unapokaa

Maji yanapokatika zahanati usiku, jambo la kwanza linaloshukiwa ni pampu, na la pili ni umeme. Muuguzi wa zamu hutuma mtu kuuliza, na jibu hurudi kwamba pampu inafanya kazi, umeme upo na tenki la juu limejaa. Maji yameishia njiani. Katika hali kama hiyo fundi wa maji hachukui koleo kwanza. Huchukua tochi na ufunguo mrefu, akaanza kufuata bomba kutoka chemba moja hadi nyingine. Katika mojawapo ya chemba hizo huenda akakuta mfuniko umesogezwa, na valvu iliyopaswa kuwa wazi kabisa imezungushwa hadi ikabakiza upenyo mdogo tu. Aliyeifunga hakuwa na ugomvi na zahanati. Alitaka ndoo zake zijae upesi.

Mkazi wa kata hupita juu ya chemba hizo kila siku bila kuzitazama. Ni visanduku vya matofali au zege vilivyozama ardhini pembezoni mwa barabara, kwenye njia panda, karibu na kalavati au nyuma ya soko, na kila kimoja kina mfuniko wa chuma au wa zege. Ndani yake hamna kitu cha kuvutia: kipande cha bomba, valvu, udongo kidogo, wakati mwingine chura. Hata hivyo, mtandao mzima wa maji huongozwa kutoka humo. Bomba lenyewe halina uamuzi. Hupeleka maji kokote yanakoweza kushuka. Valvu ndizo zinazoamua mtaa upi upate, upi usubiri, na kipande kipi kizimwe ili bomba lililopasuka lizibwe bila kukausha kata nzima.

Katika miradi mingi ya maji ya vijijini na miji midogo ya Tanzania, maji husukumwa kutoka kisimani au kwenye chanzo hadi tenki lililojengwa mahali pa juu, kisha hushuka yenyewe kwa bomba kuu na kugawanyika katika matawi. Kila tawi huanza na valvu. Sehemu za bondeni huwekwa valvu ya kusafishia, ambayo fundi huifungua mara chache ili kutoa tope na mchanga uliotuama. Sehemu za mwinuko huwekwa valvu ya hewa, kifaa kinachojiendesha chenyewe ili kutoa hewa iliyonaswa ndani ya bomba na kuiruhusu iingie bomba linapotolewa maji. Mwishoni kabisa, kwenye dira ya kila mteja, huwa kuna koki ndogo.

Valvu ya kawaida kwenye bomba kuu ni ile mafundi wanayoiita geti valvu. Jina hilo linaeleza kazi yake: ndani yake kuna lango la chuma linalopandishwa na kushushwa kwa mhimili wenye hesi. Haifungwi kwa mkupuo mmoja kama bomba la jikoni. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mafundi ni kuchukua kipenyo cha bomba kwa inchi, kukizidisha kwa tatu, kisha kuongeza mizunguko miwili au mitatu. Kwa bomba la inchi 4, yaani milimita 100, hiyo ni mizunguko 14 hivi; kwa bomba la inchi 6 ni 20 au 21. Ndiyo maana fundi mwangalifu huhesabu kwa sauti anapozungusha, na huandika hesabu hiyo katika daftari. Valvu iliyokoma kwenye mzunguko wa tisa ilhali iliwahi kufika wa kumi na nne inamweleza jambo: ama kuna jiwe chini ya lango, ama mtu mwingine alikuwa hapa kabla yake.

Nani anazigusa

Si kila anayefungua chemba ni mwizi, na kuwaweka wote katika kapu moja hakusaidii kuzilinda.

Yupo mkazi wa mtaa wa juu ambaye maji humfikia kwa msukumo hafifu. Amegundua, au ameonyeshwa, kwamba valvu ya kwenda mtaa wa chini ikibanwa kidogo, kwake maji hupanda. Hilo ni kweli kwa muda. Wanaoishi chini nao wana mtu wao, na siku ya pili valvu hiyo hiyo huzungushwa upande wa pili. Yupo mfugaji ambaye kiangazi kimekausha lambo, na valvu ya kusafishia iliyo bondeni ni maji ya bure yasiyo na foleni. Yupo mfyatua matofali mwenye haja kama hiyo hiyo. Yupo mteja aliyekatiwa huduma kwa deni, ambaye kwa malipo madogo fundi wa mtaani humrudishia maji usiku. Wapo watoto, ambao shimo lolote lenye mfuniko uliolegea ni mahali pa kutumbukiza mawe. Na yupo anayekuja kuchukua chuma chenyewe, yaani mfuniko, usukani wa valvu na viungo vya shaba, ili akauze kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mwisho yupo msamaria mwema. Bomba limepasuka mbele ya nyumba yake, maji yanabubujika barabarani, simu ya fundi haipokelewi. Anakwenda kwenye chemba na kufunga. Huyu ni vigumu kumlaumu, ingawa anaweza kusababisha hasara kubwa kuliko yule mwenye ndoo, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Ukitazama orodha hiyo, utaona kwamba sehemu yake kubwa haitokani na wizi bali na kutojua. Mkazi asiyejua mtaa wake utapata maji siku gani na saa ngapi huona kila saa ya ukame kuwa ni upendeleo kwa mwingine. Kwa hiyo ratiba ya mgao iliyobandikwa kwenye ofisi ya mtaa na ikafuatwa kweli ni sehemu ya ulinzi wa valvu, pengine kuliko kufuli. Kufuli huzuia mkono. Ratiba hupunguza sababu ya kunyoosha mkono huo. Mahali ambapo ratiba hubandikwa lakini haifuatwi, kufuli hukatwa.

Kinachotokea ndani ya bomba

Maji yaliyo ndani ya bomba ni mzigo mzito unaotembea. Bomba la milimita 100 lenye urefu wa kilomita moja hubeba karibu tani nane za maji. Yakienda mwendo wa mita moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, tani hizo zote zina nguvu ya mwendo, na valvu ikifungwa ghafla hazina pa kwenda. Maji hayabanwi kwa urahisi kama hewa. Yale ya mbele husimama, ya nyuma huyagonga, na mgongano huo hurudi nyuma ndani ya bomba kama wimbi la mgandamizo. Mafundi hulifahamu kwa sauti yake: mlio mzito kama wa nyundo chini ya ardhi.

Ukubwa wa pigo hilo si jambo la kubahatisha. Nikolai Joukowsky wa Urusi alilipima kwa majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow miaka ya 1897 na 1898, na kanuni yake inatumika hadi leo. Katika bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde huongeza mgandamizo wa kadiri ya ba 12, sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 120. Katika bomba la plastiki, ambalo hutanuka kidogo, ongezeko ni pungufu, kiasi cha ba 4. Lakini bomba la plastiki lenyewe huwa limetengenezwa kuhimili mgandamizo mdogo zaidi. La daraja la ba 6 ambalo tayari linabeba ba 4 za kawaida halina nafasi ya kupokea nyingine 4. Linaweza kupasuka, na si lazima lipasukie kwenye chemba. Hupasukia palipo dhaifu, huenda mtaa wa tatu, chini ya barabara au chini ya ukuta wa mtu asiyehusika.

Neno "ghafla" hapa lina maana yake maalumu. Wimbi huhitaji muda kwenda hadi mwanzo wa bomba na kurudi. Kwa kilomita moja ya bomba la chuma muda huo hautimii sekunde mbili. Kwa plastiki ni kama sekunde tano. Mtu atasema kwamba mizunguko 14 haiwezi kumalizwa kwa sekunde tano, na ni kweli. Ila geti valvu ina tabia inayowadanganya wengi. Lango linaposhuka nusu, maji hupungua kidogo tu. Upungufu mkubwa wote huja katika mizunguko miwili mitatu ya mwisho. Asiyejua huona valvu "haifungi", huongeza nguvu na kasi, na hivyo humaliza sehemu ya hatari kwa haraka kuliko sehemu isiyo na hatari. Fundi aliyefundishwa hufanya kinyume: huanza kwa kasi ya kawaida, na mizunguko ya mwisho huipa muda mrefu, akisimama kati ya mmoja na mwingine. Valvu zinazofungwa kwa robo mzunguko, ambazo hupatikana zaidi kwenye mabomba madogo, ni hatari zaidi kwa sababu mkono mmoja unaweza kuzifunga kwa kufumba na kufumbua.

Madhara ya pili ni ya kimya. Valvu ya juu ikifungwa bila mpangilio, maji yaliyo chini yake huendelea kushuka na kutoka kwenye mabomba ya wateja, na nyuma yake hubaki ombwe. Bomba lenye ombwe hufyonza. Kila tundu dogo ambalo kwa kawaida lilikuwa likivujisha maji nje, sasa huingiza ndani kile kilichopo nje: maji ya mtaro, tope la kandokando ya choo cha shimo, maji yaliyotuama ndani ya chemba yenyewe. Maji yakirudi, uchafu huo husafiri nayo hadi kwenye ndoo. Dawa ya klorini iliyowekwa kwenye tenki ilipimwa kwa maji safi, si kwa mzigo huo. Kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi, na kata ambayo bomba lake hujazwa na kukaushwa mara kwa mara kwa mikono isiyojulikana hujitengenezea njia ya maradhi hata kama chanzo chake ni safi.

La tatu ni upotevu. Valvu ya kusafishia iliyofunguliwa kwa ajili ya ng'ombe na kuachwa haijakaza vizuri ikivujisha lita moja kwa sekunde, jambo ambalo kwa macho ni kijito kidogo tu nyasini, hupoteza lita 86,400 kwa siku. Hizo ni ndoo 4,320 za lita 20. Umeme au dizeli ya kuzipandisha hadi tenkini imelipiwa, na aliyelipa ni kila mwenye dira na kila anayechota kituoni kwa ndoo.

Namna zinavyolindwa

Hatua ya kwanza na iliyo rahisi kuliko zote ni kuondoa usukani. Valvu yenye usukani humwalika kila mkono. Ikiondolewa usukani hubakiwa na kichwa cha mraba ambacho huhitaji ufunguo mrefu wenye umbo la herufi T. Hili hupunguza watoto na wapita njia. Halimzuii mwenye spana, kwa kuwa kichwa cha mraba hushikwa na spana yoyote kubwa. Kwa sababu hiyo sehemu nyeti huwekewa kofia ya chuma inayofunika kichwa cha mhimili na kufungwa kwa kufuli, au kichwa chenye pembe tano kinachohitaji ufunguo wake pekee. Pembe tano hazina pande mbili zinazotazamana, hivyo spana ya kawaida huteleza. Ni ujanja wa kale, na umewahi kutumika sana kwenye mabomba ya kuzimia moto ya miji ya Marekani.

Hatua ya pili ni mfuniko. Mfuniko wa chuma cha kusubu ni imara chini ya magurudumu ya lori, lakini ndio huo wenye bei kwa mnunuzi wa chakavu, na ukishaibwa hubaki shimo. Kwa barabara za mitaa mfuniko wa zege lililosukwa kwa nondo unatosha, hauna soko, na uzito wake pekee ni ulinzi: usinyanyuliwe na mtu mmoja. Vikonyo vya kuunyanyulia vifanywe vya kulala ndani ya zege ili visikwaze miguu wala kukatwa. Ipo pia mifuniko ya nyuzi na plastiki ngumu. Ni myepesi, kwa hiyo hufaa tu inapokuwa na kitasa cha ndani. Chemba ambayo mfuniko wake umekwisha kuibwa haifai kuachwa hata usiku mmoja bila kizuizi. Mtoto akitumbukia humo, suala la maji hugeuka kuwa suala jingine.

Kufuli linahitaji maelezo kidogo. Likining'inia juu ya mfuniko, hugongwa kwa jiwe. Linalodumu ni lile lililowekwa ndani ya kikombe cha chuma kilichozamishwa katika zege, ambamo mkono na ufunguo huingia lakini nyundo na msumeno havipati nafasi. Kufuli la chuma hushika kutu msimu mmoja wa mvua likiwa ardhini. La shaba halishiki kutu, ila lenyewe ni mali kwa yule yule anayetafuta chakavu. Likifichwa ndani ya kikombe, tatizo hilo hupungua. Kupaka grisi mara kwa mara ni kazi ndogo inayosahauliwa hadi siku ufunguo unapokatikia ndani.

Kwenye dira za wateja hutumika koki yenye sikio, ambayo ikifungwa masikio mawili hukutana na kupitishiwa kufuli au waya wenye lakiri. Lakiri haina nguvu, kisu huikata. Kazi yake ni kutoa ushahidi. Kila lakiri ina namba, namba imeandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe, na msoma dira anapopita huangalia kama namba aliyoiacha ndiyo anayoikuta. Lakiri isiyoandikwa namba yake popote ni pambo tu.

Daftari hilo hilo ndilo moyo wa ulinzi wa valvu kubwa pia. Kila valvu ipewe namba, mahali ilipo kwa vipimo vya kutoka kwenye vitu visivyohama, ukubwa wake, upande inakofungia, jumla ya mizunguko yake, na hali inayopaswa kuwa nayo, kama ni wazi kabisa, imefungwa au imebanwa kwa mizunguko kadhaa. Upande wa kufungia si jambo dogo. Valvu nyingi hufungwa kwa kuzungusha kama mishale ya saa, lakini si zote, na aliyekosea upande akiongeza nguvu huvunja mhimili. Bila daftari, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba valvu imechezewa. Kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

Hapa kuna hatari ya upande wa pili, ambayo kata zilizochoshwa na uharibifu huiangukia kwa urahisi: kulinda kupita kiasi. Chemba humiminiwa zege juu, mfuniko huchomelewa, au valvu hufukiwa kabisa ili isionekane. Yule mwenye ndoo huzuiwa, na fundi naye huzuiwa. Siku bomba linapopasuka saa nane za usiku, na maji yanakula msingi wa nyumba, kipande kinachoweza kuzimwa kinakuwa kata nzima badala ya mtaa mmoja. Nyumba ikiwaka moto na gari la Zimamoto likahitaji maji kutoka kwenye bomba lake maalumu, kufuli lisilo na mwenye ufunguo ni sawa na bomba lisilo na maji. Ufunguo mmoja haufai. Inapendekezwa kuwe na angalau seti mbili: moja kwa fundi wa zamu, nyingine katika ofisi inayofikika usiku, kwa saini ya anayeichukua na anayeirudisha. Kufuli zote za eneo moja zifunguke kwa ufunguo wa aina moja, la sivyo fundi atabeba mkungu wa funguo gizani.

Valvu isiyoguswa kamwe nayo huharibika. Kutu na chokaa hushika hesi, na baada ya miaka michache lango halishuki tena. Kwa hiyo valvu iliyolindwa vizuri ni ile inayofunguliwa chemba yake, ikazungushwa hadi chini na kurudishwa juu angalau mara moja kwa mwaka, polepole, kwa kuhesabu. Tarehe ya zoezi hilo huingia kwenye daftari.

Barabara, kuta na sheria

Uharibifu mwingine hauna nia mbaya hata chembe. Greda linachonga barabara, na chemba tatu zinafukiwa kwa nusu saa. Mkazi anajenga ukuta wa uzio, na chemba iliyokuwa nje ya kiwanja inabaki ndani, nyuma ya geti lenye mbwa. Mwenye duka anapanua kibaraza na kuweka vigae juu ya mfuniko. Dawa ya haya ni alama: kigingi cha zege chenye namba ya valvu kando ya kila chemba, kirefu cha kutosha kuonekana na dereva wa greda. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, anapoanza matengenezo, ofisi ya mtaa ikiwa na nakala ya daftari inaweza kumtembeza msimamizi wa kazi kabla mashine haijawashwa. Gharama ya matembezi hayo ni soli ya kiatu.

Kuhusu sheria, mkazi afahamu kwamba miundombinu ya maji inalindwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ambayo pia ndiyo iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA. Kuharibu miundombinu hiyo au kuichezea bila idhini ni kosa la jinai, hata pale ambapo hakuna kilichoibwa. Anayenunua mfuniko wa chemba kama chakavu naye hawezi kujitetea kwamba hakujua ni nini. Vitu vichache vina umbo linalojieleza kama mfuniko wa chemba.

Vijijini, anayehusika na valvu za mtandao ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kile ambacho wengi bado wanakiita kamati ya maji, kikisimamiwa na RUWASA ya wilaya. Mijini ni mamlaka ya maji ya mji husika. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji, hata awe na nia njema kiasi gani, hana idhini ya kuzungusha valvu ya bomba kuu, na mgambo hana pia.

Mkazi anapoikuta chemba wazi

Anayekuta mfuniko umeondolewa asiingie ndani kutazama. Chemba yenye kina huweza kuwa na hewa nzito isiyofaa kuvutwa, na nyoka hupenda mahali penye ubaridi wa namna hiyo. Aweke matawi au kitu kinachoonekana kuzunguka shimo, kisha apeleke taarifa kwa fundi wa chombo cha maji au ofisi ya mtaa, akitaja namba iliyo kwenye kigingi kama ipo. Akikuta mtu anaizungusha valvu, kumwomba aonyeshe kitambulisho si utovu wa adabu. Fundi wa kweli amezoea kuulizwa.

Kwa bomba lililopasuka, taarifa itolewe mara moja bila kugusa valvu, ikieleza mahali na kama maji yanatishia jengo. Likitokea jambo la moto, simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Msamaria mwema aliyetajwa mwanzoni naye ana la kufanya, na liko uani kwake. Koki iliyo kabla ya dira ni ya mtoa huduma na haipaswi kuguswa. Baada ya dira, bomba ni la mwenye nyumba, na hapo kila nyumba inatakiwa kuwa na koki yake inayofunga maji ya nyumba yote. Nyumba nyingi hazina, kwa sababu siku ya kuunganishiwa maji fundi hakuiweka na mwenye nyumba hakujua kuidai. Ni kifaa cha gharama ndogo na huwekwa kwa muda mfupi, mradi mtoa huduma ajulishwe afunge ya kwake kwanza. Kikiwepo, bomba la chooni likipasuka usiku huzimwa kutoka hapo, na hakuna haja ya mtu kwenda barabarani na tochi. Watu wazima wote wa nyumba waonyeshwe ilipo, na izungushwe kufunga na kufungua kila baada ya miezi michache ili isigande.